Kununua nyumba kwa dhamana ya VA: mwongozo kwa askari anayeanza

Askari wenzangu wanaozungumza Kiswahili ndani ya jeshi la Marekani wananiuliza maswali yale yale, awe yuko Fort Bliss, awe kambi ya Ujerumani au Japani. VA itanipa kiasi gani? Mimi bado nina grini kadi, naruhusiwa? Naweza kutumia mkopo huu kujenga nyumbani Afrika? Nikipewa PCS, yaani amri ya kuhamia kituo kingine, baada ya mwaka mmoja, nyumba itakuwaje? Nimechoka kujibu kwa vipande vipande vya sauti kwenye simu, kwa hiyo nimeyaandika yote hapa. Soma mpaka mwisho kabla hujapiga simu kwa mkopeshaji yeyote.

Anza na hili, maana ndilo linalowapotosha wengi: VA haikukopeshi. VA, yaani Idara ya Masuala ya Maveterani, ni mdhamini wako. Kama umewahi kukopa kwenye SACCO, au ulimwona mzazi wako akizunguka kutafuta wadhamini wa kumtilia saini, umeshaelewa nusu ya kazi. Pesa zinatoka benki, chama cha akiba na mikopo, au kampuni ya rehani. Serikali inamwambia mkopeshaji: huyu akishindwa, nitakufidia sehemu. Kwa mikopo inayozidi dola 144,000, sehemu hiyo ni asilimia 25. Ukikopa dola 300,000, serikali imesimama nyuma yako kwa dola 75,000. Ndiyo sababu mkopeshaji anakubali usitoe malipo ya awali, na ndiyo sababu hakutozi ile bima ya rehani ya kila mwezi ambayo mnunuzi wa mkopo wa kawaida hulipa akitoa chini ya asilimia 20. Utaratibu huu ulianzishwa na sheria iliyotiwa saini na Rais Franklin D. Roosevelt tarehe 22 Juni 1944, na umekuwa ukirekebishwa tangu hapo.

Kwa hiyo mdhamini ni mmoja, lakini wakopeshaji ni wengi na kila mmoja ana bei yake na masharti yake. Mtu akikuambia "VA imenikataa," mara nyingi aliyemkataa ni mkopeshaji mmoja tu.

Majibu ya haraka kwa yale maswali

Uraia: VA inaangalia utumishi wako. Ukiwa na grini kadi na umetimiza muda wa utumishi, unastahili. Mkopeshaji atataka kuona kadi hiyo, basi.

Kujenga Afrika: haiwezekani. Nyumba lazima iwe Marekani au katika maeneo yake kama Guam na Puerto Rico. Yeyote anayekuahidi njia ya kuzunguka sharti hili anakupeleka kwenye udanganyifu dhidi ya serikali, na wewe unavaa sare yake.

Kiwanja kitupu: hapana. Nyumba ya kupangisha tu: hapana, ni lazima wewe uishi humo. Lakini nyumba yenye makazi mawili, matatu hata manne unaruhusiwa, mradi uishi katika moja. Zilizobaki unapangisha. Kwa askari kijana asiye na familia kubwa, nadhani hii ndiyo njia inayostahili kufikiriwa kwanza, na ndiyo ninayoona watu wakiiruka.

Nani anastahili

Uliye kazini sasa: siku 90 mfululizo za utumishi kamili. Uliyetoka, kama uliingia baada ya tarehe 2 Agosti 1990: miezi 24 mfululizo, au kipindi chote ulichoitwa ilimradi kisipungue siku 90. Aliyetolewa kwa sababu ya ulemavu uliotokana na utumishi hadaiwi muda huo. Kwa Walinzi wa Taifa na askari wa akiba: miaka 6, au siku 90 za utumishi usiokuwa wa mafunzo. Tangu sheria ilipobadilishwa, siku 90 za Walinzi wa Taifa chini ya Title 32 (sehemu ya sheria inayowahusu Walinzi wa Taifa) nazo zinahesabiwa, mradi 30 kati ya hizo ziwe mfululizo. Wengi wa Walinzi wa Taifa hawalijui hili na wanakaa wakisubiri miaka 6 itimie. Mjane au mgane wa askari aliyefariki kazini, au kwa ulemavu uliotokana na utumishi, naye anaweza kustahili.

Aliyefukuzwa kwa aibu hastahili. Kama karatasi zako zina hali ya katikati, usijihukumu mwenyewe. Omba, VA iamue.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- DD-214, yaani cheti cha kuachishwa utumishi, kama umetoka jeshini, ile nakala inayoonyesha aina ya kuachishwa kwako.
- Barua ya utumishi kama bado uko kazini, iliyosainiwa na kamanda, msaidizi wake au ofisa wa utumishi. Iwe na jina lako kamili, namba ya Social Security, tarehe ya kuzaliwa, tarehe uliyoingia, muda wowote uliopotea, na jina la kamandi inayoitoa. Kikikosekana kimoja, itarudishwa.
- NGB 22 (cheti cha kuachishwa) na NGB 23 (rekodi ya pointi za utumishi) kwa Walinzi wa Taifa.
- LES (karatasi za mshahara wa jeshi) za miezi miwili au mitatu ya mwisho, W-2 (fomu za mwaka za kipato na kodi) za miaka miwili, na taarifa za benki za miezi miwili.
- Barua ya VA ya fidia ya ulemavu, kama unalipwa. Karatasi hii moja inaweza kukuokolea maelfu ya dola. Utaona kwenye hatua ya 5.
- Karatasi ya gharama ya kulea watoto, na ya matunzo ya mtoto kama mahakama imeamuru.
- Akiba. Kutotoa malipo ya awali hakumaanishi kuingia mikono mitupu. Kuna arbuni, kuna mthamini, kuna mkaguzi, kuna bima ya mwaka wa kwanza na kodi ya majengo ya kuanzia.

Hatua kwa hatua

1. Chukua cheti cha kustahili.

Kila mtu anakiita COE. Ingia VA.gov kwa akaunti yako, omba, na mara nyingine kinatoka papo hapo. Njia ya pili ni kumwachia mkopeshaji akitafute kwenye mfumo wa VA. Njia ya tatu ni fomu 26-1880 kwa posta, nayo ni ya polepole. Mimi nakushauri ukichukue mwenyewe, ukisome, uone kama kinasema haki yako ya dhamana ni kamili (yaani hakuna sehemu yake iliyofungwa kwenye nyumba nyingine) na kama umesamehewa ada. Usimwachie mtu mwingine asome karatasi yako kabla yako.

Kosa la kawaida: kuona kwenye cheti "dola 36,000" na kudhani huo ndio mkopo wako wote. Hicho ni kiwango cha msingi cha dhamana katika hesabu za zamani. Tangu tarehe 1 Januari 2020, mwenye haki kamili hana kikomo cha mkopo kutoka VA. Kikomo chako ni kipato chako na thamani ya nyumba.

2. Hesabu kinachobaki.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu wanaponunua nyumba inayowala.

Mkopeshaji anapima vitu viwili. Cha kwanza ni uwiano: madeni yako yote ya mwezi pamoja na nyumba, ukilinganisha na kipato kabla ya makato. VA inatumia asilimia 41 kama alama ya kusimama na kutazama upya. Cha pili, ambacho mikopo mingine haina, ni kiasi kinachobaki mkononi kila mwezi baada ya kodi za serikali, rehani, madeni, malezi ya watoto na matengenezo. Kwa mkopo wa dola 80,000 au zaidi, familia ya watu wanne inatakiwa ibakiwe na angalau dola 1,003 majimbo ya Kusini na ya Kati-Magharibi, dola 1,025 Kaskazini-Mashariki, na dola 1,117 Magharibi. Mtu mmoja Kusini ni dola 441. Ukivuka ile 41, unatakiwa ubakiwe na asilimia 20 zaidi ya viwango hivi.

BAH yako, yaani posho ya nyumba, inahesabiwa kama kipato, tena haitozwi kodi, na mkopeshaji anaweza kuikuza kidogo anapopima uwiano. Hiyo ni faida, lakini pia ni mtego. BAH inafuata cheo, wategemezi na msimbo wa posta wa kituo chako. Ukihamishiwa mahali pa bei nafuu, inashuka, na rehani yako haishuki nayo.

Sasa kuna jambo ambalo fomu hazikuulizi na mimi nakuuliza: unatuma nyumbani kiasi gani kila mwezi? Karo ya mdogo wako, dawa za mama, mchango wa mazishi unaokuja bila taarifa. Hizi zote hazimo kwenye zile dola 1,003. Chukua miezi sita iliyopita, jumlisha ulichotuma, gawa kwa sita, kisha kitoe kwenye kinachobaki. Kama hesabu inakataa, tafuta nyumba ya bei ndogo. Mkopeshaji akikuidhinishia dola 400,000 hajakuamuru uzitumie zote. Na deni lolote unalodaiwa, hata la benki ya nyumbani, liandike kwenye maombi. Fomu inauliza madeni yote.

3. Tengeneza krediti yako, kisha tulia.

VA haina kiwango cha chini cha alama za krediti, ile namba inayoonyesha unavyolipa madeni yako. Wakopeshaji wanacho, na wengi wanasimama karibu na 620. Ukiwa chini ya hapo, usikate tamaa baada ya simu moja. Wapo wanaoshuka zaidi, ila riba yao isome kwa makini.

Vuta ripoti zako bure kwenye AnnualCreditReport.com na upinge makosa. Askari wengi wana deni la zamani la simu au la nyumba waliyohama kwa haraka, na hawajui kwamba lilienda kwa wakusanya madeni. Kama una mkopo uliochukua kabla ya kuingia jeshini, sheria ya SCRA, inayowalinda askari kwenye madeni, inakupa haki ya kuomba riba ishushwe hadi asilimia 6 ukiwa kazini. Omba kwa maandishi na uambatanishe amri zako.

Onyo: tangu siku unayoomba mkopo hadi siku unayokabidhiwa funguo, usinunue gari, usifungue kadi mpya, usimdhamini mtu. Kijana mmoja wa kikosi chetu alichukua gari kubwa siku kumi kabla ya kutia saini. Mkopeshaji aliangalia krediti mara ya mwisho, hesabu ikapinduka, nyumba ikaenda kwa mwingine. Mke wake alikuwa ameshafunga vyombo.

4. Omba kwa wakopeshaji watatu, ndani ya siku moja au mbili.

Waombe wote wakupe makadirio rasmi ya mkopo. Wakishapokea maombi kamili, sheria inawapa siku 3 za kazi kukutumia. Waweke kando kwa kando: riba, ada, pointi (pesa unazolipa mwanzoni ili riba ishuke). Usiogope kwamba kuulizia mara tatu kutaiharibu krediti yako. Maulizo ya rehani yanayofanyika ndani ya siku 45 yanahesabiwa kama moja.

Mkopeshaji akitoza ada ya jumla ya kuandaa mkopo, isizidi asilimia 1 ya mkopo. Na kuandikwa "wataalamu wa VA" kwenye bango, au picha ya askari na bendera, hakuthibitishi kitu. Mwulize: mwaka jana mlifunga mikopo mingapi ya VA, na nani atapokea simu yangu nikiwa zamu ya usiku?

5. Jua ada ya VA, na kama umesamehewa.

Ada hii inalipwa mara moja na ndiyo inayouwezesha mpango kujiendesha. Viwango vya sasa vilianza tarehe 7 Aprili 2023. Ukitumia mara ya kwanza bila malipo ya awali ni asilimia 2.15 ya mkopo. Ukitoa asilimia 5 inashuka hadi 1.5, na ukitoa asilimia 10 au zaidi ni 1.25. Ukitumia tena baadaye bila kutoa kitu ni 3.3.

Kwa nyumba ya dola 300,000: mara ya kwanza bila kutoa chochote, dola 6,450. Ukitoa dola 15,000, ada ni dola 4,275. Mara ya pili bila kutoa, dola 9,900. Unaweza kuiingiza ndani ya mkopo, na wengi hufanya hivyo, lakini kumbuka utailipia riba kwa miaka 30.

Hawalipi kabisa: anayepokea fidia ya VA ya ulemavu uliotokana na utumishi, anayestahili fidia hiyo lakini anachukua mshahara wa jeshi au pensheni badala yake, aliye kazini mwenye Purple Heart (nishani ya aliyejeruhiwa vitani), na mjane anayepokea malipo ya DIC (fidia ya VA kwa familia ya marehemu). Pia aliye kazini ambaye ameomba kupimwa ulemavu kabla ya kutoka na akapata uamuzi wa awali kabla ya siku ya kutia saini.

Mimi nililipa. Madai yangu yalikuwa bado yanasubiri, hakuna aliyeniuliza, nami sikujua kuuliza. Baadaye VA iliponikubalia, tarehe ya kuanza kwa fidia ilikuwa kabla ya siku niliyotia saini, na hapo ndipo nilipojua kwamba unaweza kudai ada irudishwe. Ilirudi. Kama hali yako ni hiyo, usiiache pesa yako huko.

6. Tafuta nyumba na uweke ofa.

Tafuta wakala aliyewahi kumwakilisha mnunuzi wa VA. Tangu Agosti 2024, VA inaruhusu mnunuzi amlipe wakala wake mwenyewe, kwa hiyo soma mkataba wa wakala kabla ya kusaini na uone nani analipa nini. Mara nyingi unaweza kumwomba muuzaji alipe.

Kwenye mkataba wa kununua hakikisha kuna kifungu cha VA kinachokuruhusu kujitoa na kurudishiwa arbuni yako endapo thamani itakuwa chini ya bei mliyokubaliana. Kifungu hiki ni lazima kwa mkopo wa VA. Mtu akikuambia ukifute ili ofa yako "iwe na nguvu," ondoka.

Muuzaji anaweza kulipa gharama za kawaida za kufunga mkataba, na juu ya hapo akakupa nyongeza hadi asilimia 4 ya thamani ya nyumba. Nyongeza hiyo inaweza kulipa ada ya VA, bima na kodi za kuanzia, hata kumaliza deni lako la kadi. Omba. Asipotaka atasema hapana.

7. Mthamini na mkaguzi ni watu wawili tofauti.

Mthamini anapangwa na VA. Anaangalia nyumba ina thamani gani, na kama ni salama, imara na safi ya kuishi: paa, maji, umeme, joto, ngazi. Nyumba iliyojengwa kabla ya 1978 yenye rangi inayobanduka itasimamishwa kwa hofu ya madini ya risasi. Katika majimbo mengi, hasa ya Kusini, utahitaji pia ukaguzi wa mchwa.

Mkaguzi unamtafuta na kumlipa wewe. Ndiye anayepanda darini, anayewasha tanuru, anayefungua sanduku la umeme. Usimruke ili kuokoa dola mia chache. Mthamini akipitisha nyumba hajakuambia kwamba boila itaishi hadi majira ya baridi yajayo.

8. Kutia saini.

Siku 3 za kazi kabla, utapewa karatasi ya mwisho yenye hesabu zote. Iweke kando ya yale makadirio ya hatua ya 4, mstari kwa mstari. Riba ikipanda au ada mpya ikitokea, uliza kabla ya siku hiyo. Siku yenyewe kila mtu ana haraka.

Ukiwa umetumwa mbali, mwenzi wako anaweza kukusainia kwa hati ya uwakilishi, lakini ile ya jumla haitoshi siku ya kufunga. Inatakiwa hati mahususi inayotaja nyumba yenyewe, bei, masharti ya mkopo, na kwamba unakusudia kutumia haki yako ya VA na kuishi humo. Ofisi ya sheria ya kambi inakuandalia bure. Mkopeshaji pia atahitaji uthibitisho kwamba siku hiyo uko hai na hujapotea vitani. Neno hilo linatisha kulisikia, hasa kwa mke aliyebaki, basi mwambie mapema kwamba litakuja.

9. Ingia ndani ya nyumba.

Kwa kawaida una siku 60. Mwenzi wako akiishi humo wakati wewe uko kazini mbali, inatosha. Lakini lazima awe anaishi humo kweli. Mwenzi aliye bado Kisumu au Mwanza akisubiri viza hatimizi sharti hili kwa niaba yako.

Mambo mawili ya familia yanayowashangaza wengi

Kama mwenzi wako hayumo kwenye mkopo na unanunua katika majimbo yanayohesabu mali ya ndoa kuwa ya wote wawili, kama Texas, California, Washington, Arizona au Nevada, madeni yake yanahesabiwa juu yako. Yaulize mapema, nyumbani, kabla mkopeshaji hajakuuliza.

La pili: unataka kununua na kaka yako, binamu, au mchumba ambaye si askari. Inaruhusiwa, lakini VA inadhamini sehemu yako tu, na mkopeshaji kwa kawaida atadai malipo ya awali kwa sehemu ya mwenzako. Wakopeshaji wengi hawaugusi kabisa mkopo wa namna hii. Ndugu akitaka kukusaidia, ni rahisi zaidi akupe zawadi ya pesa na barua inayosema si deni.

Misaada ya majimbo

Usiishie kwa serikali kuu. Texas ina Bodi ya Ardhi ya Maveterani, iliyoanzishwa 1946, inayotoa mikopo ya nyumba, na wenye ulemavu wa asilimia 30 au zaidi wanapunguziwa riba. California ina CalVet, mpango wake wa nyumba za maveterani, tangu 1921, na utaratibu wake ni wa pekee: jimbo linainunua nyumba, kisha linakuuzia wewe kwa mkataba. Oregon inakopesha maveterani wake moja kwa moja tangu 1945. Majimbo mengi yana mamlaka ya fedha za nyumba inayosaidia malipo ya awali na gharama za kufunga, na katika mipango inayotumia hati fungani za serikali zenye nafuu ya kodi, veterani husamehewa lile sharti la kuwa mnunuzi wa mara ya kwanza.

Kisha kuna kodi ya majengo. Texas, Florida na Virginia zinamsamehe kabisa, kwa nyumba anayoishi, veterani mwenye ulemavu wa asilimia 100 anayetimiza masharti yao. Haiji yenyewe, unaiomba kwenye kaunti. Nimekutana na mzee aliyekuwa akilipa miaka mitano kodi asiyodaiwa.

Ukipewa PCS

Hulazimiki kuuza. Uliishi humo kwa nia ya kweli, amri imekuja, unaweza kupangisha. Sehemu ya haki yako inabaki imefungwa kwenye nyumba hiyo, lakini iliyobaki unaweza kuitumia kituo kipya. Haki yako isipokuwa kamili, kikomo cha mkopo cha kaunti kinarudi kutumika. Hesabu yake: mwaka 2025 kikomo cha kaunti nyingi kilikuwa dola 806,500. Robo yake ni dola 201,625. Kama mkopo wa kwanza ulikuwa dola 280,000, umetumia robo yake, dola 70,000. Imebaki 131,625. Zidisha kwa nne: dola 526,500, ndizo unazoweza kukopa bila malipo ya awali. Kipato chako, bila shaka, lazima kibebe nyumba zote mbili.

Ukiuza na mkopo ukalipwa, unaomba haki yako irudishwe kamili. Tahadhari na mnunuzi anayetaka "kurithi" mkopo wako kwa sababu riba yake ni ndogo. Inaruhusiwa, lakini kama si veterani anayeweka haki yake badala ya yako, haki yako inabaki imefungwa hadi yeye amalize kulipa. Na hakikisha umeachiliwa kwa maandishi kutoka kwenye deni.

Mambo yakikwama

COE imekataliwa au haina siku zako zote. Tatizo huwa karatasi. Walinzi wa Taifa hasa: pointi na amri zako huenda hazimo kwenye mfumo. Tuma NGB 23 na nakala za amri, omba tena.

Thamani imetoka chini ya bei. Mthamini akiona inaelekea huko, mara nyingi humjulisha mkopeshaji kabla na kutoa siku mbili za kazi za kuleta mauzo ya nyumba zinazofanana. Wakala wako awe tayari. Ikishatoka, unaweza kuomba ipitiwe upya. Ikikataa kupanda, muuzaji ashushe bei, au uongeze tofauti kutoka mfukoni, au ujitoe na arbuni yako.

Muuzaji hataki ofa za VA. Mara nyingi amesikia hadithi za matengenezo na ucheleweshaji. Wakala wako amweleze, mkopeshaji wako ampigie wakala wa muuzaji. Akishikilia, songa mbele.

Umebakiza chini ya miezi 12 kutoka jeshini. Mkopeshaji atataka kuona umeongeza mkataba, au barua ya kazi ya uraiani, au kipato kingine. Kitafute kabla ya kuweka ofa.

Umetozwa ada wakati umesamehewa. Kabla ya kufunga, mpe mkopeshaji COE mpya inayoonyesha msamaha. Baada ya kufunga, wasiliana na kituo cha mikopo cha VA cha eneo lako.

Umeanza kushindwa kulipa. Usifiche barua. Piga VA 877-827-3702 na uombe mtaalamu wa mikopo. Wanazungumza na mkopeshaji kwa niaba yako, bila malipo. Piga ukishaona mwezi mmoja utakushinda, kwa sababu kila mwezi unaoongezeka unafunga mlango mmoja kati ya ile waliyonayo: kupanga upya malipo, kubadili masharti, au kupewa muda wa kuuza mwenyewe.